Haki ya ardhi: inavyopatikana, inavyohama na inavyopotea, kwa mfano wa Gatete

Katika eneo la Gatete, tarafa ya Rumonge, kusini mwa Burundi, shamba moja la michikichi linaweza kuwa na watu watatu wanaosema ni lao, na kila mmoja akawa na hoja ya kusikilizwa. Wa kwanza ni mrithi wa familia iliyokimbia mwaka 1972. Wa pili ni mtu aliyepewa shamba hilo na serikali baada ya familia hiyo kuondoka. Wa tatu ni yule aliyelinunua kwa huyo wa pili, akalipa fedha mbele ya mashahidi, akapanda miche mipya na kuwasomesha watoto wake kwa mapato ya mawese. Huenda hakuna hata mmoja kati yao aliyeiba kitu. Hata hivyo shamba ni moja.

Migogoro ya namna hii imefikishwa mbele ya wazee, tume na mahakama katika ukanda wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Rumonge hadi Nyanza-Lac, kwa miongo kadhaa. Inaeleweka vizuri zaidi mtu anaporejea maswali matatu ambayo elimu ya sheria imeyashughulikia tangu kale: haki hupatikana kwa njia gani, huhama vipi kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine, na hupotea wakati gani. Huko Gatete swali la tatu ndilo zito kuliko yote, kwa kuwa madai mengi yanasimama au kuanguka kwa kutegemea kama miaka iliyopita ugenini inahesabiwa dhidi ya aliyekimbia.

Kumiliki, kukalia na kutumia

Lugha ya kila siku husema tu kwamba shamba ni "la fulani". Sheria hutenganisha mambo matatu. Kumiliki ni kuwa na haki juu ya kitu, haki ambayo watu wote wanapaswa kuiheshimu. Kukalia ni kukishika kitu hicho kwa vitendo: kulima, kuvuna, kujenga, kuzuia wengine wasiingie. Kutumia ni ruhusa ya kufaidika na kitu bila kukimiliki, kama mpangaji katika nyumba ya kukodi au ndugu aliyeazimwa kipande cha kulima mihogo kwa msimu mmoja.

Mara nyingi mambo hayo matatu hukutana kwa mtu mmoja, lakini si lazima. Mpangaji hukalia nyumba bila kuimiliki. Mkimbizi anaweza kumiliki shamba ambalo hajalikanyaga kwa miaka 30. Anayefukuzwa shambani hupoteza ukaliaji siku hiyo hiyo, ilhali umiliki wake unabaki mpaka ionyeshwe kwamba umekwisha kwa sababu inayotambuliwa na sheria.

Hati nayo isichanganywe na haki. Kwa kawaida hati ni ushahidi wa haki, na ushahidi wenye nguvu. Lakini sehemu kubwa ya ardhi ya vijijini nchini Burundi haijawahi kuwa na hati miliki. Familia zimeishi juu yake kwa kutambuliwa na majirani, kwa miti ya mpakani na kwa kumbukumbu za wazee. Sheria ya Ardhi iliyofanyiwa marekebisho tarehe 9 Agosti 2011 inatambua ukaliaji huo wa kimila, na inaziruhusu tarafa kutoa cheti cha ardhi, mbali na hati miliki inayotolewa na msajili wa hati.

Haki inavyopatikana

Elimu ya sheria hugawa njia za kupata haki katika makundi mawili. La kwanza ni la haki inayoanza upya, isiyotoka kwa mtu mwingine. Mfano wake ni mtu aliyefyeka pori lisilo la mtu na kulifanya shamba. Familia nyingi za Burundi hueleza asili ya ardhi yao ya ukoo, yaani itongo, kwa njia hiyo. Mtu anayevua samaki katika ziwa lililo wazi kwa wote hupata haki juu ya samaki huyo kwa namna iyo hiyo: kabla ya wavu wake, samaki hakuwa wa mtu.

Kundi la pili ni la haki inayopokewa kutoka kwa mwenye nayo: kununua, kupewa kwa hiba, kurithi, au kugawiwa na mamlaka yenye uwezo wa kugawa. Hapa haki ya anayepokea hutegemea haki ya anayetoa. Ikiwa mtoaji hakuwa na kitu, mpokeaji hakupokea kitu, hata kama karatasi imepigwa mihuri mitatu.

Kuna pia njia inayokaa kati ya makundi hayo mawili, nayo ni kupata haki kwa kupita kwa muda. Mtu aliyekalia ardhi kwa miaka mingi, waziwazi, kwa amani, bila kukatizwa na akijiona kuwa mwenyewe, huweza kuwa mmiliki kwa amri ya sheria. Sheria ya Ardhi ya Burundi ya tarehe 1 Septemba 1986 iliweka muda huo kuwa miaka 30, na miaka 15 kwa aliyeikalia kwa nia njema, yaani aliyeamini kwa dhati kwamba aliyempa alikuwa na haki ya kutoa.

Si kila ardhi inaweza kupatikana kwa njia ya muda. Mali ya umma, kama barabara na fukwe, haiwi ya mtu binafsi kwa sababu ya kukaliwa muda mrefu. Kwa wakazi wa kando ya ziwa jambo hili lina uzito wa pekee, kwani sheria ya maji ya mwaka 2012 ilitenga ukanda wa mita 150 kutoka ukingo wa Ziwa Tanganyika kuwa eneo la kulindwa.

Haki inavyohama

Kanuni ya kwanza ya uhamishaji ni kwamba mtu hawezi kutoa haki kubwa kuliko aliyonayo. Aliyeazimwa shamba hawezi kuliuza. Ndugu mmoja hawezi kuuza itongo lote la baba kabla ya mgawanyo, kwa sababu sehemu ya wenzake haimo mikononi mwake. Kanuni hii ilitoka katika sheria ya Kirumi, ikapita katika sheria za Ufaransa na Ubelgiji, na ikafika Burundi wakati wa ukoloni. Hata kanuni za mikataba zinazotumika nchini chimbuko lake ni amri ya tarehe 30 Julai 1888, iliyotungwa kwa ajili ya Dola Huru la Kongo na baadaye kutumika Ruanda-Urundi.

Kanuni ya pili ni kwamba uhamishaji unapaswa kujulikana. Katika mila za Burundi mauzo ya shamba hufanyika mbele ya majirani na abashingantahe, wazee waaminifu wa mahali. Mnunuzi huandaa kinywaji, nao wanaokunywa pamoja huwa mashahidi wa mipaka na wa bei. Desturi hiyo ilifanya kazi ambayo mahali pengine hufanywa na daftari la serikali. Udhaifu wake ni kwamba hutegemea uhai wa watu. Shahidi akifa, akikimbia au akihongwa, daftari limechanika.

Urithi ndio njia inayohamisha ardhi nyingi kuliko zote, na ndio wenye mabishano mengi. Kwa muda mrefu mirathi nchini Burundi imeachwa mikononi mwa mila, na kwa mila mtoto wa kiume ndiye hurithi itongo. Binti hupewa kipande kiitwacho igiseke, ambacho hukitumia na kula mazao yake bila kuwa mmiliki kamili. Katiba, kwa upande wake, inatamka usawa wa raia wote mbele ya sheria. Mwanamke anayefika mahakamani kudai sehemu ya ardhi ya baba yake hukutana na mifumo hiyo miwili kwa pamoja.

Kwa Waislamu wa Rumonge kuna jambo la tatu. Tofauti na Kenya na Zanzibar, Burundi haina mahakama za kadhi. Familia inaweza kukubaliana kugawana mali kwa mafungu ya mirathi ya Kiislamu, na makubaliano hayo yakiandikwa na kutiwa saini na warithi wote yana faida yake. Lakini likizuka shauri, mahakama ya serikali ndiyo itakayoamua. Vilevile, Sheria ya Watu na Familia ya mwaka 1993 inatambua ndoa iliyofungwa mbele ya afisa wa serikali. Mwanamke aliyeolewa msikitini au kanisani peke yake, bila kuandikishwa, huwa na nafasi dhaifu anapodai haki za mjane.

Haki inavyopotea

Haki hupotea kwa njia kuu nne. Ya kwanza ni hiari: mwenyewe anauza, anatoa hiba, au anaachilia dai lake mbele ya mashahidi. Ya pili ni kuangamia kwa kitu chenyewe. Ziwa linapopanda na kumeza kiwanja, hakuna tena kiwanja cha kukalia. Ya tatu ni uamuzi halali wa mamlaka, kama utwaaji wa ardhi kwa manufaa ya umma, ambao unapaswa kuambatana na fidia ya haki. Ya nne ni kupita kwa muda.

Njia hiyo ya nne ina sababu zake. Mashahidi hufa na kumbukumbu hufifia. Anayelima anahitaji kujua kwamba hatasumbuliwa daima. Mwenye haki aliyenyamaza huku akiona mwingine akijenga na kupanda huhesabiwa kuwa ameridhika. Kwa hiyo muda humwadhibu mmiliki aliyelala.

Je, unamwadhibu pia mmiliki aliyefukuzwa? Sheria za kale zilikwisha kulijibu swali hilo. Kwa Warumi, sheria ya Mbao Kumi na Mbili iliruhusu ardhi ipatikane kwa kukaliwa miaka miwili tu, lakini sheria zilizofuata zilikataza kabisa ardhi iliyotwaliwa kwa nguvu isipatikane kwa njia ya muda, hata ikiwa imefika mikononi mwa mnunuzi asiye na hatia. Katika karne ya 6, sheria ya Mfalme Justinian iliweka miaka 10 pale ambapo pande zote mbili ziliishi katika jimbo moja, na miaka 20 pale ambapo zilikuwa katika majimbo tofauti. Asiyekuwepo alipewa muda maradufu, kwa kuwa hakuwa na njia nyepesi ya kujua na kulalamika.

Fikra ya Kiislamu ilifika mahali pa kukaribiana na hapo kwa njia nyingine. Majalla, mkusanyo wa sheria za Kiosmani uliokamilika mwaka 1876, ulisema kwamba haki yenyewe haifi kwa sababu ya kupita kwa muda. Kinachozuiwa ni kadhi kusikiliza dai lililokawia, na kwa madai mengi muda huo ulikuwa miaka 15. Lakini miaka haikuhesabiwa kwa mwenye udhuru: mtoto mdogo, aliye safarini mbali, au anayemwogopa dhalimu mwenye nguvu. Sheria ya kiraia ya Ulaya ina kanuni inayofanana na hiyo: muda hauendi dhidi ya mtu asiyeweza kuchukua hatua.

Yaliyotokea Gatete

Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulizuka kusini mwa Burundi, ukiwemo ukanda wa Rumonge na Nyanza-Lac, na waasi wa Kihutu waliwaua raia, hasa Watutsi. Utawala wa Rais Michel Micombero ulijibu kwa ukandamizaji mkubwa uliowalenga Wahutu nchi nzima. Waliouawa mwaka huo wanakadiriwa kuwa kati ya 100,000 na 300,000. Wengi wa walionusurika kando ya ziwa walivuka kwenda Tanzania au Kongo. Nchini Tanzania waliwekwa katika makazi ya Ulyankulu, mkoani Tabora, na ya Katumba na Mishamo, katika eneo ambalo leo ni mkoa wa Katavi. Wengine waliishi katika vijiji vya Kigoma.

Ardhi tambarare ya Rumonge haikubaki tupu. Viongozi waliwagawia wakazi wapya mashamba yaliyoachwa, na baadhi ya watu walijitwalia wenyewe. Miradi ya serikali ya michikichi, iliyosimamiwa kwa kipindi fulani na shirika la maendeleo la eneo hilo lililojulikana kwa kifupi kama SRD Rumonge, ilipanga upya mashamba na kugawa viwanja. Mipaka ya zamani ikafunikwa na safu za michikichi. Wimbi jingine la wakimbizi likafuata baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye tarehe 21 Oktoba 1993, na mengi yakajirudia.

Utawala wa Rais Jean-Baptiste Bagaza ulitunga sheria mwaka 1977 ya kuwarejeshea haki zao waliokimbia mwaka 1972 na 1973. Waliorudi wakati huo walikuwa wachache. Hata hivyo sheria hiyo ina maana yake: miaka mitano baada ya wakimbizi kuondoka, dola lenyewe lilikiri kwamba haki zao hazikuwa zimekufa.

Hesabu ya miaka

Kuanzia mwisho wa Aprili 1972, miaka 15 ya aliyekalia kwa nia njema ingetimia mwaka 1987, na miaka 30 ingetimia mwaka 2002. Mkataba wa Amani wa Arusha ulitiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, miaka 28 na miezi minne baada ya kuanza kwa machafuko. Itifaki ya nne ya mkataba huo, katika kifungu cha 8, inasema kwamba wakimbizi wote na waathirika wengine ni lazima waweze kupata tena mali zao, hasa ardhi. Kurejesha kukishindikana, kila mwenye haki apate fidia inayostahili.

Wanaoitetea familia iliyorejea husema hesabu ya miaka haifai kuanzia mwaka 1972 hata kidogo, kwa kuwa muda haukuweza kwenda dhidi ya mtu ambaye kurudi kwake kungemgharimu maisha. Wanaongeza kwamba aliyegawa ardhi ya watu waliokimbia hakuwa na haki ya kuigawa, hivyo aliyepewa hakupokea chochote cha kuuza.

Wanaomtetea anayekalia shamba wana hoja zao pia. Serikali ndiyo iliyogawa, na mwananchi wa kawaida hakuwa na njia ya kuipinga wala kuipima kauli yake. Walionunua baadaye walilipa, wakaendeleza, wakazika wazazi wao hapo. Kuwaondoa bila chochote ni kutengeneza mkimbizi mpya ili kumaliza ukimbizi wa zamani.

Hoja zote mbili zinaweza kuwa za kweli kwa wakati mmoja, na ndiyo sababu sheria hutenganisha swali la nani mwenye shamba na swali la nani abebe hasara. Kwa kanuni za kiraia, aliyekalia kwa nia njema hata akishindwa hubaki na mazao aliyokwisha kuyavuna, na anaweza kudai thamani ya alichokiongeza. Mchikichi huchukua takriban miaka mitatu au minne kabla ya kuanza kuzaa, kisha huendelea kuzaa kwa zaidi ya miaka 20. Mti huifuata ardhi, lakini jasho la aliyeupanda lina bei. Naye mnunuzi aliyenyang'anywa ana dai dhidi ya aliyemuuzia, na aliyepewa na serikali ana dai dhidi ya serikali. Mnyororo huo ukifuatwa hadi mwisho, deni humwangukia aliyetoa kisichokuwa chake.

Tume na mahakama maalumu

Mwaka 2006 Burundi iliunda Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine, inayojulikana kwa kifupi cha Kifaransa kama CNTB. Katika miaka yake ya mwanzo, chini ya Padri Astère Kana, tume ilipendelea usuluhishi. Mara nyingi shamba liligawanywa kati ya familia iliyorejea na familia iliyolikalia. Wengi walipata pa kulima, lakini waliorejea walilalamika kwamba walilazimishwa kumpa mgeni nusu ya mali yao.

Kuanzia mwaka 2011, chini ya Sérapion Bambonanire, mwelekeo ulibadilika. Tume ilisisitiza kurejesha shamba lote kwa mwenyewe wa asili, na baadhi ya migawanyo ya awali ikafunguliwa upya. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2013 iliipa tume nguvu zaidi, na mwaka 2014 ikaundwa mahakama maalumu ya ardhi na mali nyingine ya kusikiliza rufani dhidi ya maamuzi yake. Mwaka 2015 upinzani katika mkoa jirani wa Makamba ulisababisha utekelezaji wa maamuzi kusimamishwa huko. Muda wa tume ulimalizika mwaka 2022.

Mabadiliko hayo yana somo lake. Watu walioambiwa kwamba shauri limekwisha kwa kugawana waliliona likifufuka miaka michache baadaye. Uamuzi unapoweza kufunguliwa upya kila uongozi unapobadilika, yule aliyeshinda leo naye hana uhakika wa kesho.

Katika kipindi hicho wakimbizi wa mwaka 1972 walipewa uchaguzi nchini Tanzania. Zaidi ya 160,000 walipewa uraia wa nchi hiyo, na zaidi ya 50,000 walirudi Burundi. Miongoni mwa waliorudi walikuwamo watu waliozaliwa ugenini, wasiojua shamba la baba yao liko wapi. Kwa ajili yao na wengine wasio na ardhi serikali ilijenga vijiji vipya, kikiwemo cha Mutambara katika tarafa ya Rumonge. Haki bila ushahidi iliwaacha na nyumba, lakini bila shamba la ukoo.

Majirani na mikataba ya kimataifa

Upande wa pili wa ziwa, nchini Tanzania, muda wa kufungua shauri la kudai ardhi ni miaka 12, na Kenya nayo ina miaka 12. Kwa kipimo hicho familia nyingi za Gatete zingekuwa zimekwisha kupoteza madai yao kabla ya mwaka 1985, isipokuwa kama mahakama ingekubali kwamba kukimbia ni udhuru.

Nchi za Maziwa Makuu zililiona tatizo hilo. Mkataba uliotiwa saini Nairobi mwaka 2006 na nchi za Maziwa Makuu una itifaki ya pekee juu ya haki za mali za watu wanaorejea. Mwaka mmoja kabla, jopo la haki za binadamu la Umoja wa Mataifa lilipitisha kanuni zinazoitwa Pinheiro, kwa jina la mtaalamu wa Brazil Paulo Sérgio Pinheiro. Kanuni hizo zinasema mali irejeshwe kwa aliyeipoteza bila haki, na papo hapo anayeikalia asifukuzwe bila kusikilizwa wala kuachwa bila makazi.

Mambo ya kuzingatia leo

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mwenye shamba, mnunuzi au mrithi katika ukanda wa ziwa, elimu iliyoelezwa hapo juu inazaa hatua chache za kawaida.

Kabla ya kununua, uliza shamba lilitoka wapi, si kwa muuzaji tu bali kwa majirani wa pande zote na kwa wazee. Ikiwa historia yake inaanzia mwaka 1972 au 1993 kwa maneno "tulipewa", uliza nani alikuwepo kabla. Mnunuzi aliyejua kwamba kuna dai hawezi baadaye kusema alikuwa na nia njema.

Andika mkataba. Utaje mipaka, majina ya majirani, bei na tarehe, na utiwe saini na mwenzi wa muuzaji na warithi wazima. Kisha omba cheti cha ardhi kwenye ofisi ya ardhi ya tarafa. Utaratibu wa cheti huhusisha ukaguzi wa mipaka mbele ya majirani, na ndiyo nafasi ya anayepinga kusema.

Anayedai asinyamaze. Dai lililoandikwa na kupokelewa na ofisi au mahakama husaidia kuonyesha kwamba mwenye haki hakulala. Tunza nakala ya risiti, barua, kadi ya ukimbizi na cheti cha kurejea nyumbani, kwa kuwa ndivyo vinavyothibitisha udhuru wa kutokuwepo.

Soma nyaraka za zamani kwa kuzingatia ramani ya wakati wake. Tarafa ya Rumonge ilikuwa katika mkoa wa Bururi hadi mwaka 2015, ikawa katika mkoa mpya wa Rumonge, na kwa mpangilio mpya wa mikoa mitano sasa iko katika mkoa wa Burunga. Karatasi ya mwaka 1980 iliyoandikwa Bururi inaweza kuwa ya shamba lile lile la Gatete.

Ndugu walio Katumba, Kigoma au Uvira wasisahauliwe katika mgawanyo. Urithi uliogawanywa bila mrithi aliye mbali huacha mlango wazi kwa shauri jipya, na watoto wa waliogawana ndio watakaoitwa mahakamani kulijibu.